Kalenda moja ndani ya tovuti tatu kuukuu

Niliposema kwamba kalenda ya kuwekea nafasi ingeweza kuingizwa katika tovuti tatu kuukuu za mteja wangu, anayekodisha mashua za matembezi karibu na Mji wa Kale wa Mombasa, fundi mmoja wa Nyali alinicheka na kunishauri nizibomoe zote nizijenge upya. Ni rahisi kutoa ushauri wa namna hiyo ikiwa si wewe utakayelipa, na fedha za mteja zilikuwa kiasi cha injini ya mashua ya mtumba.

Fremu ya iframe, yaani dirisha la kuonyesha ukurasa mmoja ndani ya mwingine, niliijaribu na kuiacha siku hiyo hiyo, kwa sababu kwenye simu kalenda ilikatika kiunoni.

Kisha nikafanya nililodhani ni la werevu: nikaichota HTML ya kalenda, yaani maandishi yanayoujenga ukurasa, kutoka seva yangu kwa fetch, amri ya kuomba data, nikaimwaga ukurasani kwa innerHTML, njia ya kubandika HTML ndani ya ukurasa uliokwisha kufunguka. Kivinjari kilininyima jibu mpaka seva ilipoambatisha kichwa cha Access-Control-Allow-Origin, yaani ruhusa ya tovuti nyingine kulisoma jibu lake, jambo nililolitarajia. Nisilolitarajia ni kwamba kalenda ilitokea imejipamba, tarehe zote mahali pake, lakini kila kitufe nilichobonyeza kilikuwa bubu, wala hapakuwa na kosa lolote jekundu. Nilikesha nyumbani Kibokoni kwa kahawa chungu, nikiilaumu seva, kisha akiba ya kivinjari, hata kipanga njia cha jirani tunayechangia naye intaneti, mpaka saa nane za usiku nilipotia ndani ya skripti ya kalenda, yaani msimbo unaoviendesha vitufe, mstari mmoja wa kuchapisha neno «nipo», nalo lisichapishwe. Skripti ilikuwamo ukurasani, naiona kwa macho yangu, ila haikuwahi kutekelezwa hata mara moja. Kumbe kanuni za HTML zimeandika wazi kwamba skripti iliyoingizwa kwa innerHTML haitekelezwi, nami najiita mtaalamu!

Nikaunda elementi yangu, yaani lebo yangu mwenyewe ya HTML, kalenda-mashua, nikaisajili katika kivinjari kwa customElements.define; kistari hicho cha katikati ya jina si pambo, kwani jina lisilo nacho hukataliwa. Kila tovuti ikabeba mistari miwili tu, wa skripti na wa elementi yenyewe. Ndani nilitumia Shadow DOM, ukuta unaoitenga mitindo ya elementi na ya ukurasa, maana tovuti mojawapo ilikuwa na kanuni ya mitindo iliyokipaka kila kitufe zambarau na kukinyoosha upana wa ukurasa mzima. Zambarau ile sasa ikaishia mlangoni. Fonti ilipenya, kwa kuwa sifa za kurithiwa hupita, nami nikashukuru, maana kalenda ilifanana na wenyeji wake. Ukurasa mmoja uliipakia skripti mara mbili, juu na chini, na usajili wa pili ukaleta kosa, hivyo sasa skripti huuliza kwanza kwa customElements.get kama jina limekwisha kusajiliwa kabla ya kusajili.

Juzi yule fundi aliniuliza nilitumia mfumo gani wa kujengea (framework). Nilipomwambia hakuna hakuamini, ikabidi nimfungulie faili lenyewe: mistari mia na ushei, na ule wa «nipo» bado umo, nimesahau kuufuta.