Kumtumia pesa ndugu aliyefungwa Marekani: angalia namba, angalia jina

Kwanza ujue kafungwa wapi. Haya ninayoandika ni ya magereza ya serikali kuu ya Marekani tu. Magereza ya majimbo, mahabusu za kaunti na vituo vya uhamiaji vina njia zao, na namba ya uhamiaji, ile inayoanza na A, haifanyi kazi hapa.

Mfungwa wa serikali kuu ana namba ya tarakimu 8: tano, kistari, tatu. Kama huna, mtafute kwa jina kwenye bop.gov, tovuti ya idara ya magereza ya serikali kuu. Ukimpata, nakili jina lilivyoandikwa pale, herufi kwa herufi. Watu wetu hukwama sana hapa. Nyumbani mtu ana jina lake, la baba na la babu, na familia nzima inamjua kwa mojawapo. Mahakama imesajili jingine kuwa la ukoo. Tumia lililosajiliwa, hata kama limekosewa.

Kwa Western Union, namba ya akaunti ni zile tarakimu 8 bila kistari, zikifuatwa na jina la ukoo bila nafasi, mfano 12345678ABDALLA. Jina kamili huandikwa kwenye sehemu ya mlengwa, na msimbo wa mji ni FBOP, DC. Kwa MoneyGram, msimbo wa kupokea ni 7932. Ukituma kati ya saa 1 asubuhi na saa 3 usiku kwa saa za Washington, pesa huingia baada ya muda wa saa 2 hadi 4, hata sikukuu. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaweza kuingia kwa mfungwa mwingine na usirudishiwe. Soma risiti kabla hujaondoka dirishani.

Kwa posta ni polepole. Hawala ya fedha (money order), yenye jina lake na namba yake, haipelekwi gerezani bali kwenye sanduku la posta la pamoja lililoko Des Moines, Iowa, na isiyo ya serikali huzuiwa siku 15. Noti na hundi binafsi hazipokelewi. Usitie barua wala picha za watoto ndani ya bahasha hiyo. Hazitamfikia, na inauma. Andika anwani yako juu ya bahasha, la sivyo pakiwa na kosa hawatajua pa kukurudishia.

Pesa hiyo ndiyo anayonunulia sabuni, chakula cha duka la gereza, stempu na dakika za simu. Kama anadaiwa faini au fidia, maofisa hutazama kilichoingia miezi 6 iliyopita wanapopanga alipe kiasi gani. Kwa hiyo mimi naona heri kidogo kila mwezi kuliko fungu kubwa la mara moja.

Akikuomba uweke pesa kwenye akaunti ya mfungwa mwenzake, usiweke. Kupeana pesa wafungwa kwa wafungwa bila ruhusa ni kosa la nidhamu, na mara nyingi ombi hilo maana yake anadaiwa au anatishwa. Muulize kwa upole, ila kumbuka simu zao husikilizwa.