Nafuga maji

Tangi langu la samaki lina maji, mchanga, mawe na maganda ya konokono. Samaki hayumo hata mmoja. Wageni huliangalia, wakaniangalia na mimi, kisha wakanyamaza kwa adabu. Jirani ndiye pekee aliyesema wazi: "Dada, kumbe unafuga maji?"

Nafuga bakteria, jirani. Samaki hutoa amonia, sumu kwao wenyewe, kwa matamvua na kwa kinyesi, na tangi jipya halina wa kuila. Bakteria wa kwanza, akina Nitrosomonas, huigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huizuia damu kubeba oksijeni, samaki akabaki anahema juu juu wakati hewa ipo tele majini. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia hadi siku ya kubadilisha maji. Wote hawa hukua polepole, na makazi yao ni sponji ya filta na mchanga. Kwa hiyo ukimwomba msaada rafiki mwenye tangi la zamani, achana na ndoo ya maji yake. Omba kipande cha sponji yake chafu.

Mimi sina haraka, tena kwa sababu maalumu. Nawataka wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya maganda ya konokono. Maji ya ziwa lile ni magumu, na pH yake (kipimo cha uasidi; 7 ni katikati, juu yake si asidi) inakaribia 9. Maji ya kisima chetu hapa Tabata, Dar es Salaam, ni magumu pia na pH yake iko juu; ukoko wa chokaa kwenye birika letu ni shahidi. Kwa samaki hao ni neema. Kwa amonia ni balaa: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu yake yenye sumu kali huongezeka karibu mara 10. Kiwango ambacho samaki wangekistahimili kwenye maji ya pH 7, kwangu kinaua. (Mwenye maji ya bomba aondoe klorini kwanza, maana imewekwa humo kuua bakteria.)

Ili bakteria wapate amonia ya kula, nilianza na kamba mbichi wa soko la samaki la Feri, nikamfunga kwenye soksi na kumtumbukiza. Alipooza, amonia ikapanda, na mume wangu akahamishia kiti chake barazani. Sasa natumia kloridi ya amonia ya duka la kemikali. Haina harufu ya kugombanisha watu. Amonia imeshaanza kushuka, ila nitriti imegoma kushuka: kila nikipima, dawa ya kipimo inageuka zambarau, rangi ya nitriti nyingi. Hapa ndipo wengi hutia samaki kwa kuchoka kusubiri. Mimi nataka hivi: nikitia amonia ya miligramu 2 kwa lita, baada ya saa 24 nisome sifuri ya amonia na sifuri ya nitriti. Hapo nitabadilisha sehemu kubwa ya maji, nitie samaki wachache kwanza.

Muuza samaki alizoea kunipigia kuuliza kama alete mzigo. Siku hizi ananiuliza tu, "Dada, leo rangi gani?"