Ushirika wa Wainuit na mpingo wa mjomba wangu

Siku hizi nimenogewa na habari za Wainuit, wale wa kaskazini kabisa mwa Kanada kwenye barafu, na kila nikisoma namuona mjomba wangu wa Newala, mchonga vinyago vya mpingo, na patasi yake.

Ile michoro yao maarufu ya bundi mnajua sio ya kale? Imeanza mwishoni mwa miaka ya 1950 pale Kinngait, enzi hizo Cape Dorset. Mchongaji mmoja, Osuitok Ipeelee, alikuwa anaangalia pakiti mbili za sigara zenye picha ya baharia yuleyule, akamwambia Mzungu anaitwa James Houston kwamba huyo anayekaa kuchora kila pakiti lazima anachoka sana. Basi Houston akapaka wino kwenye pembe aliyoichonga Osuitok mwenyewe, akagandamiza toileti pepa juu yake, picha hiyo ikatoka. Osuitok akasema hii hata sisi tunaiweza.

Na walikuwa na shida ya hela kweli, maana maisha ya kuhama na kuwinda ndo yalikuwa yanaisha, watu wanakusanywa kwenye vijiji vya kudumu (wazee wetu wa Operesheni Vijiji wataelewa). Mwaka 1959 wakaunda ushirika, na hapa ndo roho inaniuma. Ushirika ni wao wenyewe, unanunua mchoro, fundi anauchonga kwenye jiwe, zinachapwa nakala 50 basi, halafu uso wa jiwe unasagwa asije mjanja akachapa ya 51. Jina la msanii linakaa palepale kwenye karatasi. Bundi wa msanii wao Kenojuak Ashevak wa mwaka 1960 mpaka stempu ya Kanada katokea, mwaka 1970.

Huku kwetu dalali anakuja na pikapu, anabeba sanamu la watu waliobebana ulilolitolea jasho miezi, bei ya kutupa, likifika Dar aliyechonga hajulikani hata kabila. Nilimuuliza mjomba kwa nini msiungane, akacheka, "Mjomba, korosho ina stakabadhi ghalani na bado tunalia, mpingo utakuwa na nini?" (Stakabadhi ghalani ndo ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada kupitia ushirika.)

Sio kwamba kule mambo yote safi. Annie Pootoogook, msanii wa hukohuko Kinngait, alichora maisha yanavyoenda sasa hivi, tivii, friji, mwanaume anampiga mkewe, wakati wanunuzi wengi walizoea dubu na bundi. 2006 akashinda tuzo ya Sobey, tuzo kubwa ya sanaa ya Kanada, dola 50,000 za huko, lakini baadae maisha yakampiga, akafariki Ottawa 2016 akiwa na miaka 47. Ila michoro yake ilinunuliwa na ikatundikwa makumbusho, hata kama haikuwa dubu na bundi.

Kuna dogo hapa Mtwara alichonga bodaboda kabeba abiria watatu na kuku, mpingo mtupu, mpaka ndala zinaonekana, nikacheka peke yangu. Wenzake wakamwambia hilo haliuziki, wazungu wanataka mashetani na twiga. Sahivi anachonga twiga.