Tulivyoajiri mwalimu mmoja kwa watoto wetu watatu wenye mahitaji maalumu

Wazazi wenzangu wamekuwa wakiniuliza tulivyofanya mpaka familia tatu za huku Segerea tukawa na mwalimu wetu wa nyumbani, na mpango ukadumu. Majina ya watoto nayahifadhi kwa heshima yao. Wangu ana miaka 9, ana usonji, na maneno anayotamka ni machache. Wa pili ni binti wa miaka 10 aliyezaliwa na sindromu ya Down, mchangamfu, mpenda kuimba. Wa tatu ni mvulana wa miaka 8 mwenye mtindio wa ubongo. Anatumia kiti cha magurudumu na mkono wake wa kulia haumtii, ila akili yake inakimbia kuliko ya wengi wa rika lake.

Shule za serikali zinazopokea watoto kama hawa zipo Dar es Salaam. Uhuru Mchanganyiko na Sinza Maalumu ni majina ambayo kila mzazi wa aina yangu anayajua. Kwetu kikwazo kilikuwa njia. Mtoto anayeteswa na honi na msongamano, ukimpitisha kwenye foleni ya Tabata saa kumi na mbili asubuhi, anafika darasani siku yake imeshaharibika. Shule moja binafsi ya jirani ilimpokea mwanangu, ikamkalisha nyuma ya darasa na karatasi za kupaka rangi, muhula mzima. Nilimtoa.

Wale wazazi wengine wawili tulijuana hospitali ya CCBRT, kule Msasani, kwenye mabenchi ya kusubiri mazoezi ya viungo. Pale ndipo akina mama husemezana ukweli. Watu wengi hudhani watoto wa kuchanganya ni wale wenye hali ya aina moja. Mimi nasema angalia namna wanavyoishi siku yao. Anavumilia kelele? Akikasirika anapiga, au anakimbilia barabarani? Anajisaidia mwenyewe au anahitaji kubadilishwa? Watoto wetu watatu hali zao ni tofauti kabisa, lakini hakuna anayemtisha mwenzake, na hilo lilitutosha kuanza. Mama mmoja wa Kinyerezi tulilazimika kumkatalia, na liliniuma sana, kwa sababu naijua shida yake. Mwanawe akizidiwa hupiga mayowe, na wangu akisikia mayowe hujigonga kichwa ukutani. Kuwaweka chumba kimoja ni kuwatesa wote wawili. Tulimkutanisha na wazazi wengine wa upande wake, na sasa wana mwalimu wao.

Mwalimu tulimtafuta kwa sifa moja ya lazima: awe amesomea elimu maalumu. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru mkoani Arusha, ni kimojawapo kinachotoa walimu hao, na wapo wahitimu wanaokaa mjini wakisubiri ajira ya serikali. Tulipitisha habari kwa wazazi na kwa walimu tunaowafahamu, wakajitokeza kadhaa wenye vyeti vizuri. Hatukuwahoji sana. Kila mmoja tulimwomba akae na watoto kwa siku chache, kwa malipo, sisi tukitazama. Mmoja alianza kwa kumshika mwanangu kidevu ili amtazame machoni. Mwingine aliketi chini kwenye mkeka, pembeni kidogo, akaanza kupanga vifuniko vya chupa kama alivyokuwa akipanga mwanangu. Baadaye akaniuliza, "Mama, kabla hajalia huwa anafanya nini?" Swali hilo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, hata hospitalini. Huyo ndiye tuliyemchukua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona ndilo lililotubeba. Mwalimu wa familia tatu lazima awe na mwajiri mmoja. Nimeona mipango ya namna hii ikivunjika, na mara nyingi chanzo ni mwalimu kupokea amri kutoka kwa mama watatu: huyu anataka mwanawe aandike, yule anataka aoshwe, mwingine anamtuma dukani. Mwalimu anachoka, anaaga. Sisi tulikubaliana kwamba mkataba usainiwe na mimi peke yangu, na wenzangu waniletee mchango wao. Mwenye jambo la mwanawe analileta kwangu au kwenye kikao chetu cha mwisho wa mwezi. Hampigii mwalimu simu usiku.

Mkataba tuliuandika kwa Kiswahili, na kila kilichomo tulikisoma kwa sauti mbele yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na anayelipwa kwa mwezi anatoa au anapewa notisi ya siku 28 ajira inapositishwa. Hayo tuliyaweka. Tukaongeza letu: familia inalipa mwezi mzima hata mtoto akilazwa au akisafiri kwenda kwa bibi. Mshahara wa mwalimu haupungui kwa sababu mtoto wangu ana homa. Mwenzetu mmoja alisita hapo, tukazungumza mpaka akaelewa kwamba mwalimu naye ana kodi ya nyumba.

Hesabu yenyewe naiweka wazi, maana ndiyo inayoulizwa zaidi. Kila familia inatoa 280,000 kwa mwezi, jumla 840,000. Mwalimu analipwa 550,000, na mchango wa mwajiri kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 55,000. Msaidizi, dada anayewalisha na kuwapeleka chooni, ana 160,000 na 16,000 ya NSSF. Zinazobaki, 59,000, ni za kadi, gundi, sabuni na dharura. Ni fedha nyingi kwetu, sisemi ni nyepesi. Baba wa yule binti anaendesha bajaji na kuna miezi analeta kwa mafungu mawili, tunamsubiri. Lakini bila msaidizi msianze. Mwalimu akiwa anambadilisha mtoto mmoja nepi, wawili wako peke yao.

Darasa ni sebule yangu, kwa sababu ndiyo isiyo na ngazi nyingi. Pale mlangoni palikuwa na kidato cha sentimita 15. Kwa kiti cha magurudumu, kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko, kwa hiyo fundi alimwaga zege ya urefu wa sentimita 180. Alitaka kuifupisha ili isile uwanja, nikakataa. Mteremko mkali unamrudisha mtoto nyuma na kumvunja mgongo anayesukuma. Mlango wa sebule haufungwi wakati wa masomo, na mzazi yeyote anaingia bila hodi ndefu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitaka hilo, nami nilimheshimu zaidi kwa ajili yake.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi. Kwa hiyo tulikwenda kwa afisa elimu kata na taarifa za hospitali, tukamweleza watoto wako wapi na nani anawafundisha. Alituomba tumpelekee maendeleo yao kila muhula, na tunapeleka.

Asubuhi ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kila mmoja kwa kiwango chake. Mvulana wa kiti anasoma hadithi peke yake, halafu anamsomea binti, ambaye anairudia kwa wimbo alioutunga hapo hapo. Wangu anafundishwa kwa picha. Njia ya mtoto kumkabidhi mtu picha ya kitu anachokitaka ilibuniwa Marekani mwaka 1985, na mwalimu wetu ameitengenezea kadi za maisha yetu: maji, uji, choo, bajaji, feni. Kadi ya feni ndiyo iliyochakaa kuliko zote. Zamani joto la Januari lilikuwa linamfanya alie mpaka ajikwaruze. Siku hizi anakuja, ananipa kadi, nami nabonyeza swichi. Sijui niwaelezeje wasiolea mtoto kama huyu ukubwa wa jambo hilo.

Kabla ya saa sita wanatoka kwenda genge kununua nyanya. Binti anabeba sarafu ya mia tano, wangu anachagua, mvulana anadai chenji. Muuza genge amewazoea, anawasubiri wamalize bila kuwaharakisha. Siku za mazoezi CCBRT ziko palepale, maana mwalimu si mtaalamu wa viungo na hatumtaki ajifanye.

Kinachotutia hofu ni ajira za walimu serikalini. Mwalimu wetu ana haki ya kuomba, na zilipotangazwa mara ya mwisho nilimsaidia kupakia vyeti vyake. Hajaitwa. Akiitwa, siku 28 za notisi zitatosha kisheria, ila mwanangu hazoei uso mpya kwa muda mfupi kiasi hicho. Tulimweleza hivyo, akatuletea mwenzake aliyesoma naye Patandi. Sasa huja baadhi ya Ijumaa, analipwa siku yake kutoka kwenye zile 59,000, na anakaa mkekani pamoja nao. Mwanangu bado hampi kadi, lakini ameshaacha kumsukumia mlangoni.