Mimi O hasi, mume wangu B chanya, na watoto wetu wazima

Wakati wa uchumba niliambiwa mengi. Shangazi alisema damu zetu haziendani, tutazika watoto. Wifi yangu akachanganya na selimundu. Hakuna hata mmoja aliyetaja sindano ya kuwakinga watoto, na hilo linaniudhi mpaka leo, maana wapo walioachana kwa ushauri kama huo.

A, B na O hazivunji ndoa. Kinachotakiwa kuangaliwa ni Rh, yaani ile chanya au hasi inayofuata kundi la damu. Mama akiwa hasi na mtoto akachukua chanya ya baba, damu ya mtoto inaweza kuingia kwa mama, hasa wakati wa kujifungua, na mwili wa mama ukatengeneza kingamwili, yaani kinga za kuishambulia damu hiyo ngeni. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hutoka salama. Wanaofuata ndio hushambuliwa: damu hupungua, manjano huwa kali, wengine hufia tumboni. Sindano ya anti-D huzuia hayo ikichomwa wiki ya 28, halafu ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Hata mimba ikiharibika, mwambie daktari wewe ni hasi. Selimundu ina kipimo chake, pimeni nacho.

Kazi ilikuwa kuipata. Hospitali nilikokuwa nahudhuria haikuwa nayo, tukaambiwa tukanunue nje. Mume wangu alizunguka maduka ya dawa ya Kariakoo juani. Duka moja walimtolea boksi lililokaa rafuni, na lile joto la Dar! Akalikataa, kwa sababu dawa ile hutakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Alipoipata kwingine, kwa laki na kitu, alikuwa na kiboksi cha barafu alichoazima kwa jirani anayeuza juisi, akaifunga kwa kitambaa isigusane na barafu ikaganda.

Mimi nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika juu ya kadi ya kliniki: RH HASI, ANTI-D IPO KWENYE FRIJI, PIMENI DAMU YA KITOVU. Nilijifungua usiku, zamu ikabadilika asubuhi, na muuguzi aliyeingia hakunijua kabisa. Aliisoma ile kadi, akaenda mwenyewe maabara kuulizia majibu. B chanya. Nikachomwa kabla ya chakula cha mchana.

Mimba ya pili nilipimwa kingamwili mapema. Hazikuwepo. Safari hii sindano tulishaiagiza kabla tumbo halijaonekana.