Maji ya Chatsworth
Jumamosi iliyopita nilifika Chatsworth, huko Derbyshire nchini Uingereza, kuitazama nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ambayo ukoo wa Cavendish uliinunua mwaka 1549, ingawa nakiri kwamba vyumba vyake vyenye dari zilizochorwa nilivipita upesi. Kilichonishika ni maji. Chemchemi ambayo Joseph Paxton, mtunza bustani mkuu wa Chatsworth, aliijenga bustanini mwaka 1844 kwa matarajio ya kumpokea Kaizari Nicholas wa Kwanza wa Urusi, ambaye hakutokea kamwe, hurusha maji juu bila pampu yoyote: lilichimbwa ziwa kwenye nyanda za kilima nyuma ya nyumba, na uzito wa maji yanayoteremka kwa bomba ndio unaoyasukuma hewani. Nilisimama pale mpaka upepo ukanilowesha koti. Kandokando ya mto Derwent kondoo hulisha katika mandhari ambayo mgeni huidhania ya asili, kumbe ilipangwa na msanifu wa mandhari Lancelot Brown katika karne ya 18. Upo pia uwanja wa mifugo uliofunguliwa mwaka 1973, ambapo watoto huwaona wanyama kwa karibu. Kwa mtu aliyekulia zizini kama mimi, kulipa kiingilio ili nimtazame mbuzi kulinichekesha, lakini nililipa.