Mkomani, Lamu: nyumba ya mawe inavyosimama na inavyooza

Majengo ya veranda na matao yanayokupokea ukishuka jetini Lamu ndiyo machanga. Ufuo wa zamani ulikuwa nyuma yake, ilipo leo njia kuu, Usita wa Mui. Mbele yake pakajazwa na kujengwa katika karne ya 19. Vuka njia hiyo upande vichochoro vya Mkomani, hapo ndipo penye mji wa mawe hasa. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji wa kale katika Urithi wa Dunia.

Ukitaka kuielewa nyumba ya Mkomani, inua macho utazame dari. Boriti ya mkoko haibebi mzigo salama ikizidi takriban mita tatu, kwa hiyo chumba hakiwi kipana kuliko hapo. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, vimefuatana kama safu za waumini katika sala: kutoka daka la mlangoni unaingia kiwandani, uwanja wa ndani usioezekwa, kisha misana miwili, yaani kumbi ndefu, kisha chumba cha mwisho kiitwacho ndani. Kila hatua sakafu inainuka kidogo, na mwanga unapungua. Huko mwisho ndiko kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, zilizochongwa kwa plasta safu kwa safu.

Juu ya boriti hulazwa mawe bapa, kisha kokoto na chokaa, na kupigiliwa mpaka kushikana. Paa hilo ni zito, nalo hubebwa na kuta za matumbawe na mawe ya mwamba zenye unene wa karibu nusu mita. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo yaliyopangwa mviringo, ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae. Ikitumiwa mbichi, punje ambazo hazijazimika huvimba ukutani na kulitoboa lipu.

Nyumba nyingi zinauawa na saruji, tena kwa nia njema kabisa. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini yenye chumvi, na lipu la chokaa huyaacha yatoke. Ukilipaka saruji, maji yanakosa njia, yanapanda juu zaidi hadi kwenye vichwa vya boriti. Chumvi inaganda nyuma ya lipu. Miaka michache baadaye lipu linabambuka mapande mapande, na jiwe lililo chini yake limekuwa unga. Watu hulaumu jiwe, wakaongeza saruji.

Kuutengeneza ukuta kama huo, anza kwa kubandua saruji yote, uuache ukauke. Piga lipu la sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio na chumvi (wa ufuoni haufai), kwa matabaka membamba, ukilinyunyizia maji siku kadhaa lisipasuke.

Boriti igonge kwa nyundo pale inapoingia ukutani. Ikilia kavu, nzima. Ikitoa mlio mfu, au msumari ukizama bila kusukumwa sana, imeoza. Badilisha moja moja, huku dari limeegemezwa kwa nguzo pande zote mbili, na kichwa cha boriti mpya kiingie ukutani shibiri nzima. Usikizungushie saruji. Kizibe kwa chokaa ileile.